Vikundi vya Kujisomea: Mafunzo kutoka Vyuo vya Biashara kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwalimu mwanafunzi anapokwenda mazoezi ya kufundisha, maneno mawili huonekana karibu katika kila andalio lake la somo: "kazi ya vikundi". Mkufunzi anayemkagua akiyaona maneno hayo huridhika, maana huyachukua kuwa dalili kwamba kipindi hakitakuwa cha mwalimu kusema na watoto kuitikia. Lakini yanayotokea darasani baadaye aghalabu ni haya. Madawati husogezwa kwa kelele nyingi. Watoto sita au wanane huketi wakitazamana. Karatasi moja na kalamu moja huwekwa mbele ya yule ajulikanaye kuwa hodari wa somo, naye huandika jibu peke yake huku wenzake wakizungumza habari nyingine au wakimtazama tu. Kisha huyo huyo husimama kusoma "jibu la kikundi chetu". Mwalimu hulitia alama ya vyema, na kipindi huisha.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba mkusanyiko wa namna hiyo si kikundi cha kujifunzia hata kidogo, bali ni mpango wa kuketi. Tutaeleza jinsi vyuo vya biashara, ambavyo vimetumia vikundi vya kujisomea kwa muda mrefu, vilivyopanga kazi ili asiwepo wa kujificha nyuma ya mwenzake. Kisha tutautazama mpango huo katika darasa la tano la shule ya msingi katika kata ya Kalangalala, mjini Geita, kwa somo la faida na hasara.

Tumevichagua vyuo vya biashara kwa kuwa huko kikundi si pambo la andalio. Mtu anayesomea biashara anafunzwa kuamua mambo ambayo hayana jibu nyuma ya kitabu, tena pamoja na watu wasiokubaliana naye. Nayo Kalangalala tumeichagua kwa sababu mtoto wa huko anaishi katika mji ambao hesabu si jambo la darasani tu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na mwezi Machi mwaka 2019 likafunguliwa mjini soko la dhahabu, ili wachimbaji wadogo wapate kuuza mali yao hadharani. Dhahabu hupimwa kwa gramu na kwa sehemu za kumi za gramu. Asiyejua desimali hawezi kujua kama amepunjwa, na atakayempunja hatamwambia. Mtoto aliyemaliza elimu ya msingi akinakili majibu ya mwenzake kikundini huingia katika mji huo akiwa na cheti mkononi, lakini hesabu ameiacha kwa jirani yake wa dawati.

Utaratibu wa vyuo vya biashara

Shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, ilianzishwa mwaka 1908. Miaka ya mwanzo wahadhiri walisoma mihadhara yao na wanafunzi wakaandika. Mwaka 1919 uongozi wa shule hiyo ulishikwa na Wallace Donham, aliyekuwa mwanasheria. Katika masomo ya sheria ilikuwa desturi kujifunza kwa kuchambua kesi zilizokwisha kuamuliwa mahakamani, naye Donham akahimiza jambo la mfano huo lifanyike katika biashara. Basi tangu miaka ya 1920 vikaandikwa visa vya biashara halisi: kiwanda fulani kina tatizo fulani, hesabu zake ni hizi, wasimamizi wake wamesema hivi na hivi, nawe ungekuwa mkubwa wa kiwanda ungefanyaje? Kisa hicho huishia hapo. Jibu haliandikwi.

Lililo muhimu kwetu ni mpangilio wa kazi. Kwanza, mwanafunzi hukisoma kisa peke yake, akapiga hesabu zake na kuamua atakalosema. Pili, kabla ya kipindi, hukutana na kikundi kidogo cha wenzake, nao hulinganisha yale ambayo kila mmoja ameyaona. Tatu, darasa zima hukutana na mwalimu, na mwalimu aweza kumtaka mwanafunzi yeyote, bila kumwonya, afungue mjadala.

Ndugu mwanachuo, tafadhali zitazame tena hatua hizo tatu. Kikundi kimewekwa katikati. Hakianzi kazi wala hakiimalizi. Mtu anafika kikundini akiwa na kitu mkononi, kwa hiyo ana la kutoa na ana la kulinganisha. Naye anatoka kikundini akijua kwamba yeye mwenyewe huenda akasimamishwa, kwa hiyo hana budi kuelewa, hata kama mwenzake ni hodari namna gani. Tena kikundi hakilazimishwi kutoa jibu moja. Kazi yake ni kumwonyesha kila mmoja yale ambayo macho yake hayakuyaona. Mmoja ametazama bei akasahau deni. Mwingine ametazama deni akasahau kwamba wateja watahama.

Sasa tulinganishe na darasa letu la mwanzo. Pale hatua ya kwanza imeondolewa: mtoto huingia kikundini mikono mitupu. Hatua ya tatu imegeuzwa: msemaji anajulikana tangu mwanzo, na wengine wamesamehewa. Imebaki hatua ya katikati peke yake, nayo haiwezi kusimama bila miguu yake miwili. Kwa maoni yetu hii ndiyo sababu kubwa ya walimu wengi kusema kwamba vikundi ni upotezaji wa wakati. Wamejaribu theluthi moja ya njia, wakailaumu njia nzima.

Yaliyofanyika kwetu

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la ng'ambo. Nchini mwetu Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963, nacho Chuo cha Elimu ya Biashara, Dar es Salaam, mwaka 1965. Lakini shule ya biashara iliyowafikia watu wengi zaidi wakati ule haikuwa na majengo makubwa. Mwaka 1964 kiliundwa Moshi kituo cha elimu ya ushirika, ambacho kilitoa masomo kwa njia ya posta na redio, na wanachama wa vyama vya msingi waliyasoma kwa vikundi huko huko vijijini kwao. Mkulima na mjumbe wa kamati walijifunza kusoma mizania ya chama chao.

Katika Kanda ya Ziwa haja ya elimu hiyo ilieleweka upesi. Wakulima wa pamba wa Usukumani walikuwa wamelalamikia kwa miaka mingi mizani ya wanunuzi, na malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya waungane. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lenye makao yake Mwanza, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Vyama vilikuwa mali ya wakulima. Lakini mkulima asiyeweza kuisoma hesabu ya chama hakuwa na njia ya kumhoji karani wake. Kumwondoa mnunuzi wa kati kulikuwa jambo moja, na kuhakikisha kwamba karani wa chama hageuki kuwa mnunuzi mwingine kulikuwa jambo jingine. Hilo la pili hutaka watu wengi wajue hesabu, si mmoja aliye hodari.

Kisha zikaja kampeni za redio. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi nchini kote kwa majuma 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo mafupi. Katika kila mkutano watu walisikiliza kipindi, wakasoma sehemu ya kitabu, wakazungumza, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani kando ya nyumba, kuchemsha maji. Viongozi wale hawakuwa wataalamu wa afya, na wala hawakutakiwa kuwa wahutubu. Walitakiwa kuuliza na kuwapa nafasi wote. Choo kilichochimbwa au kisichochimbwa kilionekana kwa macho, kwa hiyo kila mwanakikundi alijulikana alipofikia.

Hata kilimo cha jadi cha Wasukuma kina mfano wa jambo hili. Vikundi vya walimaji wanaolima kwa ngoma, wale waitwao bagobogobo, hujipanga mstari mmoja, na majembe hupanda na kushuka pamoja. Ngoma ni ya wote, lakini kila mtu ana sehemu yake ya ardhi mbele ya miguu yake, na aliyebaki nyuma huonekana na wote. Hatujapata kuona kikundi cha aina hiyo ambacho mtu mmoja analima huku tisa wakimshikia jembe.

Wanachuo wenyewe

Kabla ya kufika Kalangalala, inafaa tuseme neno juu ya vikundi vya kujisomea vya wanachuo, maana mwalimu hufundisha jinsi alivyofundishwa na jinsi alivyojisomea. Mitihani ikikaribia, wanachuo wengi huunda vikundi vya watu wanne au watano na kugawana mada: wewe shika saikolojia, wewe falsafa, mimi nitashika upimaji. Kila mmoja hutayarisha muhtasari, na mihtasari hupigwa nakala. Siku ya mtihani kila mmoja anajua mada moja vizuri, na nyingine tatu au nne amezisoma kwa maneno ya mtu mwingine.

Hatuwakatazi wanachuo kugawana kazi. Tunachosema ni kwamba kilichogawanywa hakina budi kurudishwa kwa wote. Baada ya mwenye saikolojia kueleza mada yake, kitabu kifungwe, na mwenye falsafa aieleze upya kwa maneno yake mwenyewe, huku mwenye mada akimsikiliza na kumsahihisha. Hapo ndipo itakapojulikana kama kuna aliyefundishwa. Jambo hili huchukua muda mrefu zaidi ya kupiga nakala, nasi hatuna njia ya mkato ya kupendekeza.

Kisa cha muuza maandazi

Tuchukue sasa darasa la tano lenye watoto 90 katika shule ya kata ya Kalangalala. Idadi hiyo tumeiweka kwa ajili ya mfano, lakini mwanachuo asiione kuwa kubwa mno; tangu ada zilipofutwa katika shule za msingi, na hasa katika miji inayokua haraka, atakutana na madarasa makubwa kuliko hilo. Somo ni faida na hasara. Watoto wamekwisha kujifunza kwamba faida ni bei ya kuuzia kutoa bei ya kununulia. Wanaweza kukokotoa: Juma alinunua mbuzi kwa shilingi fulani akamwuza kwa shilingi fulani. Ni hesabu safi, na hakuna biashara duniani iliyo safi namna hiyo.

Mwalimu anatayarisha kisa. Mama mmoja anauza maandazi asubuhi karibu na mahali wanapopita wachimbaji. Habari zake zimegawanywa katika vipande vitano vya karatasi.

Kipande cha kwanza kinasema: alinunua unga kilo 5, kila kilo shilingi 2,000, na sukari kilo 1 kwa shilingi 3,000. Cha pili: alinunua mafuta lita 1 kwa shilingi 6,000, mkaa wa shilingi 2,000, hamira na chumvi vya shilingi 500, na maji ya shilingi 500. Cha tatu: alikaanga maandazi 150, na bei ya kila andazi ni shilingi 200; hadi alipofunga biashara, maandazi 20 yalikuwa hayajachukuliwa na mtu. Cha nne: wachimbaji walichukua maandazi 15 kwa mkopo, wakaahidi kulipa mawe yao yakishasagwa. Cha tano: jirani aliyemsaidia kukaanga alilipwa shilingi 1,500, na maandazi yaliyobaki yaliliwa na watoto nyumbani.

Swali ni moja: mama huyu amepata faida au amepata hasara siku ile, na kesho akatae kukopesha au aendelee?

Watoto wanapangwa watano watano, vikundi 18. Katika kila kikundi wanahesabiwa moja hadi tano, na kila namba inapewa kipande chake. Hakuna mtoto mwenye habari zote. Njia hii ya kugawa habari vipande vipande ilitumiwa mwaka 1971 na Elliot Aronson katika shule za mji wa Austin, jimbo la Texas, wakati watoto weupe, weusi na wenye asili ya Kihispania walipowekwa pamoja darasani na chuki zikazidi. Aronson aliona kwamba mtoto anayedharauliwa husikilizwa pale anapokuwa na kitu ambacho wengine hawawezi kumaliza kazi bila hicho. Sisi hatuna tatizo la rangi katika madarasa yetu, lakini tunao watoto wanaodharauliwa: aliyehamia juzi na wazazi wake wanaofuata machimbo, anayekuja shuleni siku tatu kwa juma, anayesoma kwa kusitasita.

Vipande 90 ni kazi kubwa kuviandika kwa mkono, na mwalimu asiye na mashine ya kunakili atakata tamaa. Lipo jambo rahisi zaidi. Mwalimu awaite nje wote wenye namba moja, wawe 18, awasomee kipande chao mara mbili, nao wakiandike katika madaftari yao. Kisha awaite wenye namba mbili, na kuendelea. Walioko ndani, wakati huo, wafanye mazoezi ya kuzidisha na kujumlisha yaliyo ubaoni. Kila zamu ikichukua dakika 4 au 5, zoezi hili litakula zaidi ya nusu ya kipindi cha dakika 40. Kwa hiyo tunashauri vipindi viwili vinavyofuatana. Tunajua kwamba kuna wakaguzi watakaouliza mada moja imechukuaje dakika 80. Mwalimu awaonyeshe madaftari.

Akiisha kupata kipande chake, kila mtoto kwanza apige peke yake hesabu inayowezekana kutokana na kipande hicho. Mwenye namba moja ataona shilingi 13,000. Mwenye namba mbili shilingi 9,000. Mwenye namba tatu ataona kwamba maandazi yote 150 yangeleta shilingi 30,000, na kwamba 20 hayakuuzwa. Mwenye namba nne ataona deni la shilingi 3,000. Mwenye namba tano ana hesabu ndogo kuliko wote, nayo ndiyo itakayogeuza kisa chote. Mwalimu apite akitazama kwamba kila daftari lina kitu kilichoandikwa kabla hajaruhusu kinywa kufunguliwa. Hatua hii ya ukimya ndiyo ambayo walimu wanafunzi huiruka kuliko zote, kwa kuwa darasa lililokimya huonekana kama darasa lisilofanya kazi.

Kisha kikundi kinaanza. Gharama za vitu ni shilingi 22,000. Zikiongezwa shilingi 1,500 za jirani zinakuwa 23,500. Maandazi yaliyolipiwa ni 115, yaani shilingi 23,000. Basi jioni ile mkononi mwa mama kuna upungufu wa shilingi 500. Wachimbaji wakilipa, zitaongezeka shilingi 3,000, naye atakuwa amepata faida ya shilingi 2,500. Yote yangeuzwa kwa fedha taslimu, faida ingekuwa shilingi 6,500. Vikundi vitakuja na majibu matatu tofauti, na yote matatu yatakuwa na ukweli ndani yake. Mtoto mmoja huenda akauliza kama jirani asingelipwa ingekuwaje. Mwingine atasema jirani ni mtu wa kulipwa. Yatakuja na mambo ambayo mwalimu hakuyaandika: kwamba yale maandazi 20 hayakupotea, maana watoto walikula, na wasingekula hayo wangenunuliwa chakula kingine. Kila andazi limemgharimu mama karibu shilingi 157. Je, chakula cha watoto kiingizwe katika hesabu ya biashara au ya nyumbani? Hilo ni swali ambalo wafanyabiashara wengi watu wazima hawajalitatua, na ndilo linalowamalizia mtaji.

Sehemu ya pili ya swali, yaani kukopesha, haina jibu ubaoni. Watoto wa Kalangalala wanajua kwamba mawe yakisagwa huenda dhahabu ikatoka na huenda isitoke. Wanajua pia kwamba mama asiyekopesha atapitwa, na wateja watakwenda kwa mama wa pili. Mwalimu asiwakate kwa kuwaambia kwamba mkopo ni mbaya. Awaulize: akikopesha, aweke kikomo gani, na aandike wapi?

Hatua ya tatu ndiyo ya kumtaka mtu aseme. Mwalimu aweke kokoto tano zenye namba ndani ya kopo, mtoto achomoe moja. Ikitoka namba nne, basi kwa kila kikundi kitakachoitwa atasimama mwenye namba nne kueleza hesabu nzima, si kipande chake tu. Watoto wakiisha kuzoea kwamba kokoto haina upendeleo, utaona kikundini mambo ambayo hakuna mwalimu awezaye kuyaamuru: yule hodari wa hesabu anamshika mkono asiyejua na kumweleza mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa huenda ni yeye atakayesimama.

Mambo ya kuangalia

Mwanachuo ataona mara moja kwamba kisa kingeweza kutungwa juu ya machimbo yenyewe: mifuko ya mawe inavyogawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Ni hesabu nzuri ya sehemu na asilimia, na tumeijadili sana kabla ya kuiacha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtia mtoto katika kazi ya hatari, na shule haitakiwi kulipamba shimo kwa hesabu zake. Watoto wanaotoroka shule kwenda kwenye machimbo hawahitaji kuongezewa hamu. Dagaa wa Nkome, mpunga, maandazi na vitenge vinatosha. Hata hivyo mtoto mwenyewe akileta mfano wa mgawo wa mawe, asinyamazishwe; ahesabiwe kama wengine, na mwalimu aulize maswali ambayo hayaulizwi huko: nani alilipa mafuta ya jenereta, nani hulipa mtu akiumia.

Lugha nayo huleta tatizo ambalo vitabu vyetu vya mbinu haviligusi. Kikundi cha watoto wakiachwa wenyewe mjini Geita, mara nyingi watazungumza Kisukuma. Wako walimu wanaowapiga marufuku papo hapo, na matokeo ni ukimya. Sisi tunaona kwamba mtoto anayefikiri kwa Kisukuma ni afadhali kuliko mtoto asiyefikiri. Lakini mji huu umejaa wageni, na katika kikundi cha watano huenda kukawa na Mzinza ambaye anafuata mazungumzo na Muha ambaye hafuati neno. Hapo Kisukuma kinageuka kuwa mlango uliofungwa. Kanuni tunayoipendekeza ni kwamba lugha ya kikundi ni ile ambayo wote watano wanaielewa, na kusimama mbele ya darasa ni kwa Kiswahili.

Juu ya kiongozi wa kikundi hatuna mengi. Abadilishwe kila juma, asipewe fimbo, na asiwe yule yule katibu. Wasichana, wakiachwa, hupewa kuandika na kunyimwa kusema. Kokoto hurekebisha sehemu ya jambo hili, lakini si lote, maana msichana aliyesimama akachekwa mara moja atasema kwa sauti ya chini mara tatu zinazofuata. Mwalimu aliye macho atasimama karibu na wale wanaocheka, na si karibu na anayesema.

Kuhusu muda wa kikundi kudumu, vyuo vya biashara huwaacha watu pamoja kwa muda mrefu, hata kama hawapendani. Tunashauri muhula mzima, isipokuwa pale panapotokea uonevu. Watoto watakuja kulalamika katika juma la pili kwamba fulani hafanyi kazi. Lalamiko hilo lisitatuliwe kwa kumhamisha fulani. Lirudishwe kikundini, wapewe dakika kumi kulizungumza, na mwalimu aketi mbali kidogo asikilize.

Mwisho wa vipindi viwili, mwalimu asikusanye karatasi ya kikundi. Akusanye madaftari matano kutoka vikundi mbalimbali, yaliyochaguliwa kwa kokoto ile ile, na ayasahihishe jioni hiyo. Atazame ukurasa ambao mtoto aliandika peke yake kabla ya majadiliano, kisha ukurasa ulioandikwa baadaye. Kurasa mbili zikifanana kabisa, kikundi hicho hakikuzungumza. Ukurasa wa kwanza ukiwa mtupu, mtoto huyo ndiye wa kuanza naye kesho, kabla kengele ya kipindi cha kwanza haijalia.